Nikisubiri Ayeeyo Akatae

Baba alitangaza safari ya baharini huku mdomo umejaa tambi. Hakuinua hata kichwa. Alimwambia Mama kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile anayotumia kusema maziwa yameisha: "Huyu kijana akimaliza mitihani nitampeleka Wales tukavue samaki. Kwa kayaki. Bahari yenyewe, si ziwa."

Uma wangu ulisimama hewani. Huyu kijana ni mimi. Hakuna mtu aliyeniuliza. Tangu nizaliwe sijawahi kuvua kitu chochote isipokuwa soksi.

"Kayaki ni nini?" Mama akauliza.

"Kama mashua, lakini ya mtu mmoja. Unakaa juu yake, miguu mbele, unapiga kafi."

"Juu yake? Si ndani?"

"Juu yake."

Mama alimtazama kama mwanamke aliyeambiwa mumewe ana mimba.

Sasa lazima nieleze nyumba yetu, la sivyo hutaelewa balaa lililofuata. Sisi ni Wasomali wa Kenya, tunaishi Northfield, upande ule wa Birmingham ambao basi likifika nusu ya abiria huwa wameshalala. Kisomali ni cha kila mtu nyumbani. Kiingereza ni cha dada zangu wawili, ambao ukiwaita mezani kwa lugha yoyote ile watakujibu kwa Kiingereza kwamba hawana njaa. Na Kiswahili ni cha Baba na Mama peke yao, wakitaka kumficha Ayeeyo jambo.

Ayeeyo ni nyanya yangu, mama yake Baba. Ndivyo Wasomali tunavyomwita nyanya, na yeye pia huniita mimi ayeeyo, kwa hiyo ukisimama nje ya mlango wetu utadhani nyumba imejaa vikongwe watupu. Aliishi Kenya karibu nusu ya maisha yake, akauza vitambaa Islii kule Nairobi, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno moja la Kiswahili. Bei alikuwa anaonyesha kwa vidole. Basi kila mtu aliamini hakijui. Mambo yote ya ukoo wetu, nani mgonjwa, nani kaachwa, nani kafeli, yalipita juu ya kichwa chake kwa Kiswahili, naye ametulia tuli na tasbihi yake.

Mimi Kiswahili nilikipata kwa wizi, nikijifanya nacheza chini ya meza. Ayeeyo alinigundua nikiwa mdogo bado, akaniajiri. Kazi yangu ni ukalimani. Wakubwa wakisema siri kwa Kiswahili, mimi huipeleka chumbani kwake kwa Kisomali. Mshahara ni halua, anayoificha kwenye kopo la dawa ya magoti.

Kwa hiyo tulipomaliza kula nikaenda kuripoti.

"Baba yako kasema nini?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoona mwanga. Kwa sababu ukweli, na dada zangu wasiusikie, ni kwamba maji yananitisha. Si kuogelea. Kuogelea tulifundishwa shuleni, kwenye bwawa la maji ya vuguvugu ambalo ukinyoosha mguu unagusa chini. Ninachoogopa ni maji usiyoona chini yake. Hata mfereji wa pale Selly Oak, ambao bata wanaudharau, mimi navuka daraja lake nikitembea katikati kabisa.

Basi si ungemwambia Baba tu hutaki? Ningeweza. Shida ilikuwa uso wake. Baba anaendesha teksi usiku. Mimi nikiamka, yeye ndio anaingia kulala. Nikirudi shule, yeye anatafuta funguo. Mazungumzo yetu ya mwaka mzima yanatosha kuandikwa mgongoni mwa stempu: umekula, umesali, punguza sauti. Lakini siku ile aliposema "tukavue" alinitazama, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto wa chekechea. Nani ana roho ya kuzima kitu kama hicho? Mimi ni mtundu, si mnyama.

Ayeeyo, lakini, angeweza. Baba haendi popote bila radhi ya mama yake. Hata akienda harusini London lazima apige magoti mbele ya kiti chake, awekewe mkono kichwani, aombewe dua. Bila dua hakuna safari. Na Ayeeyo na mambo ya samaki ni mbingu na ardhi. Watu wa kwao walichunga ngamia. Samaki kwao hakuwa chakula, alikuwa nyoka aliyepotea njia. Hajawahi kumla kwa kujua. Nasema kwa kujua kwa sababu ile tambi ilikuwa na tuna wa kopo, ambaye Mama amekuwa akimwita kuku miaka yote.

Nilichohitaji ni Ayeeyo aseme hapana. Baba asingeweza kumkasirikia mama yake, mimi nisingekuwa nimemvunja moyo mtu, na bahari ingebaki kule kule iliko.

Basi nikatafsiri. Wallahi, sijawahi kujitahidi hivyo kwenye mtihani wowote. "Anasema atanikalisha juu ya sahani ya plastiki, anisukume baharini wakati nyangumi wanapita. Maji ni barafu tupu. Kuna watu walikwenda mwaka jana, mpaka leo wanasubiriwa."

"Amesema yote hayo?"

"Kwa kirefu zaidi."

Ayeeyo akafungua kopo, akanipa kipande cha halua kikubwa kuliko kawaida. "Haa," akasema, ndiyo ya Kisomali, akafunga kopo.

Kayaki zilikuja Jumamosi, mbili, zimefungwa juu ya gari la rafiki yake Baba. Huyu ni dereva mwenzake, Mkongomani wa Balsall Heath, aliyekulia kando ya ziwa huko mashariki ya Kongo. Sisi humwita Anko. Ndiye aliyemwambukiza Baba ugonjwa huu. Kila kiangazi Anko huenda Wales na kayaki zake, anarudi na vibua, anawagawia watu wa kanisani kwao. Kiswahili chake na cha Baba ni watoto wa baba mmoja, mama tofauti: wanaelewana, lakini kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayekosea.

"Mutoto, kuya ushike huku," Anko akaniambia. "Hii ya njano ni yako. Iko nzuri sana, haina shida."

Nikaikagua. "Anko, imetoboka."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na hapa pia."

"Ah, non. Njo vile wanazitengenezaka. Maji inaingia huku juu, inatokea huku chini."

Niliduwaa. Chombo cha kwenda baharini, kimetobolewa makusudi, kiwandani, na mtu mwenye akili timamu.

"Kwa hiyo tunaenda baharini na kichujio cha chai," nikasema.

Baba akacheka. Si kutabasamu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile kilinishtua kuliko yale matundu. Sikumbuki mara ya mwisho niliposema kitu Baba akacheka, maana kwa kawaida nikisema kitu huwa amelala.

Hakukuwa na mahali pa kuziweka ila koridoni, toka mlango wa mbele mpaka jikoni. Ayeeyo akienda kutawadha ilimbidi apite kiubavu, ameshikilia ukuta. Baba akamwambia kwa Kisomali kwamba ni mizigo ya rafiki, itakaa siku chache tu. Kisha, Ayeeyo akiwa bado anapita, akamgeukia Mama kwa Kiswahili: "Nitamwambia mwenyewe, lakini si sasa. Kwanza aone tulivyojiandaa, ndipo nimwombe radhi."

Niliyapeleka hayo chumbani motomoto. Na kwa kuwa lile "Haa" la kwanza halikuniridhisha, nikaongeza kwamba matundu ya kwenye kayaki ni alama za meno. Papa aliiuma, mwenyewe wa kwanza akiwa bado juu yake.

Ayeeyo akainuka, akaenda koridoni na fimbo yake, akainama, akaingiza kidole kwenye tundu moja. Akakizungusha. "Papa mwenye meno ya duara?"

"Wa Wales wako hivyo, ayeeyo."

"Haa." Halua tena.

Nilianza kuwa na wasiwasi. Siku zilipita, maandalizi yakapamba moto, na hapana yangu haikuja. Baba alifanya mazoezi ya mafundo kwenye miguu ya meza mpaka meza ikawa haisogei. Ndoano moja ikapotea, ikapatikana kwenye mto wa kochi, na aliyeipata ni dada yangu mkubwa, kwa kuikalia. Suti ya mpira ya Baba, ya kukinga baridi ya maji, ilitulazimu mimi na Mama kumvalisha, mmoja mkono huu, mwingine ule, na sabuni ya vyombo katikati; alipofanikiwa kuingia hakuweza kukunja viwiko, akazunguka jikoni kama pengwini anayetafuta choo. Halafu Mama akafungua friji kutafuta siagi, akafungua kopo lisilo la siagi.

"Kwa nini vinasogea?" akasema polepole.

"Ni chambo," Baba akasema. "Minyoo ya ufukweni. Lazima ikae kwenye baridi."

Yaliyofuata hayakuhitaji mkalimani. Mtaa mzima ulielewa. Ayeeyo peke yake ndiye hakugeuza shingo. Aliendelea kuvuta tasbihi, punje moja baada ya nyingine, kana kwamba friji yenye minyoo hai ni desturi ya ukoo.

Anko ana sheria moja. Hampeleki mtu baharini mpaka amwone akianguka. Lazima ujipindue kwa makusudi, majini, na upande tena juu ya kayaki bila kusaidiwa, mara tatu. Kwa hiyo Jumapili, siku sita kabla ya safari, tukaenda kwenye ziwa moja la pale pale mjini, mahali watu wanapotembeza mbwa. Baba akamchukua na Ayeeyo. Alitaka aone jinsi mambo yalivyo salama, kisha amwombe radhi papo hapo. Tukamweka kwenye kiti cha kukunja, shali mbili, chupa ya chai ya maziwa miguuni.

Baba akatoka nyuma ya gari na ile suti. Ayeeyo akamtazama toka juu mpaka chini.

"Mwanangu," akasema kwa Kisomali, "nguo zako ziko wapi?"

"Hizi ndizo, Hooyo."

Hooyo maana yake ni mama. Ayeeyo akafunika macho, kisha akaacha uwazi mdogo kati ya vidole.

Nikaanza mimi. Nilipiga kafi hadi pale Anko aliposema, nikageuka kumwangalia. "Anguka!" akapaza sauti, kwa furaha kabisa, kama mtu anayekukaribisha wali. Nikafumba macho nikajiachia.

Sina maneno ya baridi ile. Kifua kilijifunga kama mtu amekikalia. Nilifumbua macho chini ya maji nikaona kijani, na chini ya kijani, weusi, na miguu yangu ikitafuta sakafu ambayo haikuwepo. Nilipotokea juu nilipiga ukelele ambao mabata bukini wote waliinuka nao, na mbwa mmoja akamjibu.

"Tumbo kwanza!" Anko akapiga kelele. "Piga miguu! Tumbo, kisha matako, kisha miguu!"

Nilipanda, nikapitiliza, nikaangukia upande wa pili. Anko akasema hiyo haihesabiki. Mwishowe nilizipata zangu tatu, ingawa ya tatu nilipanda kinyume, nikawa nimekaa nikitazama nyuma. Kisha akaingia Baba. Baba ni mtu mzito, na suti ile ilikuwa imemgeuza gogo. Alianguka vizuri sana, kuanguka hakukumpa shida hata kidogo. Kupanda ndiko. Aliikumbatia kayaki, akaibembeleza, akaipigia miguu, ikamkimbia. Nilimwona akizama mpaka utosi, na kwa sekunde ile nikasahau baridi. Alipotoka alikuwa na majani ya ziwa sikioni na macho ambayo sikuyajua. Alipata zake tatu kwa shida, nasi tukatoka majini tukitetemeka kama simu.

Moyoni nilikuwa nafurahi: Ayeeyo ameona. Amemwona mwanawe wa pekee akipotea chini ya maji. Sasa lazima akatae.

Baba akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya kiti chake, maji yakimchuruzika. Akaongea kwa Kisomali, kwa adabu zote. "Hooyo, Jumamosi mimi na kijana tunakwenda baharini kuvua. Naomba radhi yako." Akainamisha kichwa. Mimi nilisimama nyuma yake, nikimtumbulia Ayeeyo macho, nikitikisa kichwa kidogo kidogo kwenda kulia na kushoto.

Ayeeyo akamwekea mkono Baba kichwani. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo.

"Nendeni," akasema. "Nimewapa radhi, nyinyi nyote wawili."

Kwa Kiswahili.

Kiswahili cha Islii, kilichonyooka, hakina hata kutu. Baba alibaki vile vile amepiga magoti, lakini kichwa kikainuka polepole, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Anko peke yake hakuona ajabu yoyote. "Aksanti sana, mama," akasema, akaendelea kukamua soksi zake.

"Hooyo," Baba akasema, "unajua Kiswahili?"

"Nimeuza vitambaa sokoni nusu ya maisha yangu. Ulidhani wateja walikuwa wanajifunza Kisomali?"

"Lakini hujawahi kusema hata neno!"

"Mteja akijua husikii, anamwambia mwenzake bei yake ya mwisho mbele yako. Kwa nini niseme?" Akajimiminia chai. "Na mwambie mkeo, kuku gani ananuka bahari? Lakini anajua kupika, sina neno."

Nilikuwa naanza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, kuelekea gari.

"Na wewe, mkalimani, simama hapo. Papa wa Wales."

Nilisimama. Mambo yote niliyowahi kumpelekea chumbani yalianza kupita kichwani, moja moja, na kila moja lilikuwa na chumvi yangu mwenyewe. Alikuwa ameyasikia yote mara mbili: kama yalivyosemwa mezani, na kama nilivyoyapamba.

"Halua nilikuwa nakulipa kwa uongo wako," akasema. "Ulikuwa mtamu. Lakini ule wa nyangumi uliuharakisha." Akamgeukia Baba. "Huyu mtoto anaogopa maji. Kila siku ananiletea wanyama wa baharini chumbani ili nikatae mimi, asikwambie yeye."

Baba akanigeukia. Nilitamani lile ziwa linimeze, na kwa mtu kama mimi hiyo si kauli ndogo.

"Usimtolee macho," Ayeeyo akamwambia. "Wewe Jumatano jikoni ulimwambia mkeo nini, huyu akiwa shule?"

Baba akatazama nyasi.

"Ulisema, natamani Hooyo akatae, maana nimeona video za mawimbi na sasa naogopa, lakini kijana ana hamu, sitaki kumvunja moyo. Ndivyo ulivyosema au nimepamba?"

"Ndivyo," Baba akasema kwa sauti ndogo.

Nilimwangalia Baba kama mtu aliyeletwa leo. Yeye! Mwenye kumshusha mlevi wa futi sita kwenye teksi kwa mkono mmoja!

"Mimi si ukuta wa kujificha nyuma yake," Ayeeyo akasema. "Radhi nimetoa. Anayeogopa aseme kwa mdomo wake." Akainuka, akakigeuza kiti kikatazama upande wa mabata, akakaa, akatupa mgongo.

Tukabaki wawili, maji yakitutoka.

"Unaogopa?" Baba akaniuliza.

"Sana. Na wewe?"

"Mimi niliona unataka. Siku ile kayaki zilipoletwa ulikuwa unafanya mzaha, umechangamka."

"Baba, mimi hufanya mzaha nikiogopa."

Akafuta maji usoni. "Basi umeogopa maisha yako yote."

Anko akaja na makafi begani. "Sasa je? Tunaenda ao hatuendi? Muko na woga? Bon, hata miye niko nayo kila mwaka. Tutabaki karibu na watu, pale unaona wanakula aiskrimu. Hakuna mutu atakulazimisha, mutoto. Semeni tu."

Baba aliniangalia, akisubiri. Hakuwa na funguo mkononi, hakuwa na usingizi, hakuwa anaangalia saa. Alisimama tu na majani yake sikioni, akingoja kusikia mimi nitasema nini. Niliutazama mgongo wa Ayeeyo. Haukutikisika. Neno hapana nilikuwa nalo tayari, limekaa juu ya ulimi, nimeliandaa wiki nzima.

"Twende," mtu akasema.

Nikageuka kuangalia ni mjinga gani. Baba alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Umesema nini?"

"Sijui," nikasema. "Nimesema nini?"

Lakini Anko alikuwa ameshaisukuma ile ya njano majini, na ya Baba nyuma yake. "Basi muanguke tena," akasema, "hizi za mwisho hazikuwa nzuri." Tukaingia, safari hii bega kwa bega, Baba ameshika kamba ya kayaki yangu nami nimeshika ya kwake. Nilidhani mara ya nne mwili ungekuwa umezoea. Wapi! Nilipiga ukelele ule ule, na kando yangu nikasikia mwingine, mzito zaidi.